Kiti cha Wafiwa

Krip. Krip. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayepima kwa jicho, halafu krip tena.

Mama Chiriku alifumbua macho gizani, naye hakuhitaji saa kujua ni saa ngapi. Kumi na moja ilikuwa haijagonga, na mumewe yuko jikoni na mkasi. Mchungaji hakuwa mtu wa kuandika mahubiri daftarini. Alichukua kalenda za mwaka uliopita, zile za ukutani zenye karatasi nene, akazikata vipande vya ukubwa wa kiganja, akaandika hoja zake nyuma kwa penseli na kuvichomeka ndani ya Biblia. "Mungu hakuzitupa siku hizi," alikuwa akisema, "mimi ni nani nizitupe?" Utani huo ulikuwa ukimchekesha mkewe, tena sana. Ulikuwa.

Mkono wake ulipapasa upande wa ukuta, palipokuwa na kitanda kidogo. Kitanda hakikuwapo. Wanawake wa kanisa walikiondoa wenyewe siku ya pili baada ya mazishi, kwa huruma, na mpaka leo alikuwa hajawauliza walikipeleka wapi.

Aliinuka, akapita polepole asimwamshe binti yao wa miaka mitano, ambaye akishaamka nyumba nzima imeamka. Si bure walimwita Chiriku. Akasimama kwenye mlango wa jikoni. Mchungaji alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, alfajiri yote ile. Vipande vya kalenda vilijaa mezani kama karata za wachezaji walioacha mchezo.

"Hujalala," mkewe alisema.

"Nimelala, nimeamka."

"Ulilala saa ngapi?"

"Mama Chiriku, keshokutwa ni Jumapili."

"Jumapili moja inataka vipande mia?"

Mchungaji akachukua ndoo. Akaenda uani kuteka maji, na kwa kuwa Biblia ilikuwa wazi pale mezani, mkewe akainama kuifunga isiloe chai. Hapo ndipo alipokiona kipande kimoja kilichozeeka kidogo kuliko vingine, pembe zake zimekunjika. Mwandiko ni ule ule, herufi zilizosimama wima kama wanafunzi mstarini.

*Mazishi. Mtoto, miezi minane. Zaburi. Faraja kwa wazazi: dakika tano. Usiwatazame wazazi sana.*

Alikisoma, akakisoma tena. Wazazi walikuwa wao wawili. Kipande kilikatwa alfajiri ya siku ya mazishi, kwa mkasi huo huo, kabla hata jeneza halijafika. Kumbe alijua. Wakati wengine wote wanaitazama barabara wakingoja mchungaji fulani atokee, yeye alikuwa tayari anajua kwamba hatatokea mtu.

Akakirudisha mahali pake. Akaifunga Biblia.

Sasa, ili jambo hili lieleweke, sharti ujue Wabaptisti walivyo. Kwao kila kanisa ni nyumba yenye mlango wake na ufunguo wake. Hakuna askofu wa kuinua simu akasema fulani aende pale na fulani atoke hapa. Kanisa lenyewe humwita mchungaji wake, lenyewe hupiga kura, lenyewe huamua hata rangi ya madirisha, na rangi ya madirisha, kusema kweli, iliwahi kula mikutano mitatu na kuacha marafiki wawili hawasalimiani. Makanisa kumi na manne ya kanda ile yalikuwa yameungana. Umoja wao ulikuwa na katibu, chumba kimoja chenye meza mbili, na mazoea mazuri ya miaka mingi: mchungaji akiugua, jirani anashika mimbari yake, kanisa likigombana, wazee wa kwingine wanakuja kukaa katikati, mchungaji akichoka, anatafutiwa pa kupumzisha kichwa. Lakini umoja hauingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Unangoja kanisa liseme njooni. Hiyo ndiyo adabu yao, na ni adabu nzuri, siku nyingi.

Mtoto wao alikufa kifua, hospitalini, usiku wa kuamkia Jumanne. Walimwita Mzee, kwa sababu alizaliwa na kipara na mikunjo ya paji la uso, kama mtu aliyekuja duniani na malalamiko ya mpaka wa shamba. Kesho yake walimzika. Mashemasi walihangaika kama ndugu wa damu. Mmoja alileta viti, mwingine alisimamia kaburi, na Shemasi Seremala, mkubwa wao, alilichonga jeneza mwenyewe na kumkatalia kila aliyetaka kumshikia hata ubao. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa mtu wa kusimama mbele. Watu waliitazama barabara. Pikipiki ikipita, wote wanageuka. Mwishowe Shemasi akasogea akamnong'oneza baba mtu, "Mchungaji, jua limepanda."

Naye Mchungaji akasimama, akafungua Biblia, akamzika mwanawe. Hakukosea neno. Alipofika kwenye faraja kwa wazazi, alimtazama mkewe mara moja tu, kwa uso ule ule anaowatazamia wafiwa wote, mpole, wa mbali kidogo. Mama Chiriku angeweza kusahau mengine yote ya siku ile, lakini si uso huo. Tangu pale hakuuona uso mwingine. Siku kumi na saba sasa mumewe anakula, anahubiri, anatembelea wagonjwa, anamjibu kila mtu kwa upole, na jina la mtoto halijatoka kinywani mwake hata mara moja. Mmoja alikuwa ameshampoteza. Wa pili alikuwa anampotea hivi hivi, ameketi mbele yake, anakoroga chai.

Jumapili ile kulikuwa na mtoto wa kuwekwa wakfu.

Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga. Ubatizo unangoja mtu akue na aamini kwa kinywa chake. Lakini mtoto akizaliwa, wazazi humleta mbele, mchungaji humchukua mikononi, humwombea, kisha humrudisha kwa mama yake. Ni jambo la dakika tatu. Mama wa siku hiyo alikuwa fundi cherehani mchanga, mtoto wake wa kwanza, wa kiume, amefungwa katika blanketi la manjano. Mashemasi walitazamana. Nani atamwambia mchungaji asifanye kazi ya uchungaji?

Akampokea mtoto. Akaomba vizuri, kwa sauti isiyotetemeka. Akasema amina, na kanisa likasema amina. Fundi cherehani akanyoosha mikono.

Mchungaji hakumrudisha.

Hakumkumbatia wala hakumbana. Alisimama tu naye, mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya makalio, anamtazama kama mtu aliyesahau sentensi katikati. Mwanamke akangoja, mikono hewani. Mpiga kinanda akagusa noti moja, akaiacha. Benchi la nyuma mtu akakohoa. Mama yule akatabasamu kwa kuogopa, akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji?"

Mama Chiriku aliondoka kwenye kiti chake cha mstari wa pili. Njia ya kufika mbele ilikuwa hatua tisa, naye alizisikia zote. Akaingiza mikono yake chini ya mikono ya mumewe, kama wanavyopokezana wazazi mtoto aliyelala, akasema polepole, "Nipe mimi." Akampa. Uzito wa yule mtoto ulimpasua kifua, lakini akageuka, akamrudisha kwa mama yake, akampa na pole juu.

"Samahani," Mchungaji aliliambia kanisa. "Matangazo."

Akayasoma matangazo.

Jioni, Chiriku alipokuwa nje akiwafundisha watoto wa jirani mchezo ambao sheria zake alizitunga palepale, Mchungaji alisema bila kuinua macho kwenye sahani, "Nitawaandikia barua. Niache kazi."

"Uende wapi?"

"Sijui. Mahali ambapo sitapewa mtoto wa mtu."

"Na sisi?"

"Mtakuja nami."

"Wewe mwenyewe utakuwepo huko?" mkewe aliuliza. Hakuwa anamkejeli, alitaka kujua kweli. Mchungaji akaanza kukusanya vyombo.

Kulipokucha, Mama Chiriku aliondoka na khanga yake begani, akaenda kwenye karakana ya Shemasi Seremala. Shemasi alikuwa amelaza mlango juu ya meza ya kazi, anaupiga randa, na maranda yalikuwa yanamwagika miguuni mwake kama nywele kwa kinyozi.

"Shikamoo, Shemasi."

"Marahaba, Mama Mchungaji. Karibu, ila utatoka hapa umevaa vumbi."

"Nina swali moja. Ila usinijibu kishemasi."

"Hilo gumu. Uliza tu."

"Siku tulipomzika Mzee, nani alitakiwa kusimama?"

Randa ilisimama katikati ya mlango.

"Umoja," Shemasi alisema. "Sisi tulijua umoja utaleta mtu. Msiba wa mchungaji, mama, si jambo la kuambiwa."

"Mliwaita?"

"Walisikia. Habari ya msiba haingoji kutumwa."

"Kusikia walisikia. Nauliza kama mliwaita."

Shemasi alipuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Tuliona, ukimwita mtu mzima kwenye msiba kama huo, ni kama unamwambia hana utu. Tukaona tuwaachie waje wenyewe. Kwa heshima." Alilisikia neno lile likitoka kinywani mwake, akaiweka randa chini na kukaa juu ya rundo la mbao. "Mimi ndiye niliyemwambia jua limepanda," alisema. "Kila usiku nalisikia hilo."

Mama Chiriku angependa kumkasirikia. Alikuja akiwa amejiandaa kumkasirikia, njia nzima alikuwa akipanga maneno. Lakini mzee wa watu alikuwa amekaa pale na maranda kwenye ndevu, na mikono iliyotengeneza lile sanduku dogo bila msumari hata mmoja kuonekana.

"Basi waite sasa," alimwambia.

"Wa nini sasa? Mtoto ameshazikwa."

"Baba yake hajazika. Alifanya kazi tu siku ile. Uliona jana."

"Niliona." Alijikuna shingo. "Lakini kuita umoja lazima mashemasi tukutane. Tuko watano, mmoja ana safari, mwingine na yule wa tatu unajua hawakai chumba kimoja tangu ile rangi ya madirisha. Kuna utaratibu, mama."

"Nilibatizwa katika kanisa hili nina miaka kumi na minne, Shemasi, kabla sijamjua mchungaji yeyote. Nina kura moja, na wewe moja. Sikuombi kama mke wa mchungaji. Nakuomba kama mshirika. Piga simu."

"Na utaratibu?"

"Utatukuta njiani."

Shemasi akatoa simu, akaibonyeza kwa kidole kilichoganda gundi, akakosea, akabonyeza tena. Ilipopokelewa, sauti ya Mama Katibu ilijaa karakana. Alikuwa mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, na alizungumza kama mtu aliyezoea kusikiwa wodi nzima.

"Shemasi. Nilidhani namba yangu mmeifuta huko."

"Hatujaifuta, mama. Tumekuwa na... unajua tulikuwa na msiba."

"Najua. Siku ile mimi nilikuwa nimeshavaa. Begi liko mlangoni. Mlingoti, mchungaji wenu jirani, alikuwa nje kwenye pikipiki, kofia kichwani. Tukangoja mtu aseme njooni. Saa nne, saa tano. Nikasema, kanisa lile lina wazee wenye akili, watakuwa wamempata mtu wao, tusijitie kiherehere kwenye msiba wa watu. Saa nane nikavua viatu."

"Mama, hakukuwa na mtu," Mama Chiriku alisema.

"Nani huyo?"

"Ni mama yake Mzee. Mama wa marehemu." Ilikuwa mara ya kwanza kujiita hivyo. "Hakukuwa na mtu. Alimzika baba yake mwenyewe."

Upande wa pili kulikuwa na kelele ya kiti kuvutwa, kama mtu anakaa.

"Hilo sikuambiwa," Mama Katibu alisema, na sauti ya wodi ilikuwa imemtoka. "Mwanangu, hilo sikuambiwa." Kisha: "Shemasi, niite."

"Eh?"

"Sema neno. Miaka ishirini na mmoja sijaingia kanisa la mtu bila kuitwa, na sitaanza uzeeni. Niite."

"Njooni," Shemasi alisema. Akakohoa, akarudia. "Njooni, mama. Kanisa linawaita."

Mchungaji alipoambiwa, alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka.

"Umeniitia watu."

"Nimekuitia."

"Mimi nimezika watu sitini na kitu. Kila neno watakalosema nalijua. Ninajua na pale watakaponyamaza."

"Unayajua, ndiyo. Hujawahi kuambiwa."

Aliusuuza mdomo wa kikombe, akakishika kwenye mwanga, akakirudisha kwenye maji. "Watasema mchungaji ameshindwa."

"Kinyozi hajinyoi, Baba Chiriku. Nani atamcheka?"

"Na nikikataa?"

"Watakunywa chai, watakwenda zao."

Chiriku alikuwa chini ya meza, mahali pake pa kusikilizia. "Wageni wangapi?" aliuliza.

"Sijui," baba yake alisema.

"Watakaa wapi?"

"Kwenye viti."

"Viti ni vinne, na kimoja kinabana makalio."

Kabla, baba yake angecheka. Sasa alisema, "Tutaazima," kwa upole ule ule, akakiosha kikombe kile kwa mara ya tatu. Lakini alikuwa amesema tutaazima. Mama Chiriku alilichukua neno hilo akaenda nalo chumbani, akalikalia wiki nzima kama kuku.

Walifika Jumamosi saa nane mchana: pikipiki mbili na gari dogo la mizigo lenye mabenchi nyuma. Mama Katibu alishuka wa kwanza, mfupi, mnene, begi mkononi. Nyuma yake wachungaji watano. Yule mrefu kupita wote ni Mlingoti, mchungaji wa kanisa la jirani, aliyesoma chuo cha Biblia pamoja na Mchungaji na kulala naye chumba kimoja miaka mitatu. Aliinama kuingia mlangoni na bado akagonga paji la uso.

"Mlango huu umenikumbuka," alisema akijisugua.

Mashemasi nao walikuja, hata wale wawili wasiokaa chumba kimoja. Walikaa pembe mbili tofauti, lakini walikaa. Chai ilimiminwa. Kabla ya lolote, Mama Katibu alitandaza karatasi kwenye magoti na kugawa Jumapili. Miezi mitatu, alisema, mchungaji wa nyumba hii hatapanda mimbarini. Ataendelea kuwa mchungaji wao, nyumba ni yake, kila kitu ni chake, ila kazi yake ni kukaa. Makanisa matano yatatoa wachungaji wao kwa zamu.

"Jumapili ya kwanza nachukua mimi," alisema mchungaji mmoja mzee.

"Wewe utachukua ya mwisho," Mama Katibu alisema.

"Kwa nini?"

"Ili watu wajiandae."

Kicheko kilipita chumbani, kidogo, cha chini chini, maana wote walimjua. Jina lake makanisani lilikuwa Hatimaye, kwa kuwa katika kila hubiri husema neno hilo mara nne, na ile ya nne tu ndiyo ya kuaminika. Mzee mwenyewe alicheka. Mama Chiriku alishangaa kujikuta naye amecheka, akaziba mdomo, kana kwamba ameiba.

Shemasi Seremala alisimama. Alizunguka kidogo na maneno, kisha akasema moja kwa moja kwamba mashemasi wameomba wageni waje kwa sababu kanisa lilikosea, na kwamba umoja nao umekiri kukosea. "Hatuna mwingine wa kumlaumu," alisema. "Kila mmoja alikuwa amekaa mlangoni kwake, amevaa, anangoja mwenzake abishe hodi." Akakaa haraka.

Hapo mlango wa chumba cha kulala ukafunguka, Mchungaji akatoka. Alikuwa amevaa koti lake jeusi na tai. Biblia mkononi, vipande vya kalenda vimechomoza pembeni. Akapita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja ukutani, mahali ambapo mtu husimama akiongoza ibada nyumbani, akageuka, akawatazama kwa uso ule.

"Bwana asifiwe," alisema. "Ndugu, tumekusanyika..."

Hakuna aliyeitikia. Mkewe alihisi moyo wake unashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Siku ishirini na tano, na bado yuko kazini.

Mlingoti alinyanyuka, akaenda akasimama mbele yake, karibu sana, mrefu na mfupi. Akaishika Biblia, mikono yake juu ya mikono ya mwenzake, akangoja. Akaendelea kungoja. Halafu akaichukua.

"Leo sipo na mchungaji," alisema, taratibu, kama wanavyozungumza watu waliowahi kula sufuria moja. "Leo nipo na baba wa marehemu. Wafiwa wanakaa pale, ndugu yangu. Kakae na mkeo."

Mchungaji alikitazama kiti. Kilikuwa kiti cha mbao tu, cha kuazima, kando ya mkewe. Aliwahi kuwaonyesha watu wengi kiti kama kile, mkono wake mgongoni mwao, naye mwenyewe hakuwahi kukikalia. Hatua zilikuwa nne. Alikwenda kama mtu anayetembea majini. Alipokaa, mikono yake haikujua iende wapi. Ilikwenda magotini, ikaja kifuani, ikatafuta kitabu, ikakikosa. Mama Chiriku aliuchukua mmoja, akauweka kwenye mapaja yake na kuufunika kwa khanga.

Mlingoti alisoma Zaburi. Hakusoma haraka. Hakupita maneno mazito kwa hatua ndefu, kama wanavyofanya wachungaji wanapowahurumia watu. Alipofika kwenye faraja kwa wazazi, aliinua macho, akawatazama wazazi. Aliwatazama sana. Machozi yalikuwa yanamtiririka yeye mwenyewe na hakuyafuta.

"Sikumjua vizuri mtoto huyu," alisema. "Nilimwona mara mbili, na mara zote mbili alinikunjia uso. Sitaki kumsemea. Naomba baba yake atuambie alikuwa nani."

Mchungaji alijikohoza. "Marehemu," alianza, kwa sauti yake ya kazi, "alizaliwa mwezi wa..." Akakwama. "Marehemu alikuwa..." Watu walingoja. Yule mzee Hatimaye aliinamisha kichwa. Mama Katibu alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Nje, pikipiki ilipita, na safari hii hakuna aliyegeuka.

"Mzee," Mchungaji alisema.

Neno lile lilitoka kama mfupa uliokwama. Akalirudia, chini zaidi. Kisha mgongo wake ukajikunja, paji la uso likaangukia goti la mkewe, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mahubiri wala ya mtu yeyote waliyemjua. Mama Chiriku alimwinamia. Hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia Mungu anajua. Alishika kichwa chake tu, akahisi joto lake, na unyevu ukipenya kwenye gauni hadi ngozini. Na ingawa maumivu yake mwenyewe yalikuwa yanapanda pamoja na yale ya mumewe, bega kwa bega, alijua kwamba mtu aliyekuwa gotini pake yupo kweli.

Hakuna aliyekimbilia kuimba. Mlingoti alisimama kimya na Biblia ya mwenzake kifuani. Wale mashemasi wawili, kila mmoja kwenye pembe yake, walikuwa wanalia.

Ilichukua muda. Kilio kilipopungua na kubaki pumzi, Mlingoti alichuchumaa, hata hivyo bado mrefu, akauliza polepole kama kuna mwingine wa nyumba hii anayeweza kuwaambia habari za mtoto. Mama Chiriku alitikisa kichwa.

Chini ya meza kulisikika purukushani, vikombe vikagongana. Chiriku akatoka kwa magoti, nguo imekunjamana, akapita kati ya miguu ya wageni hadi kwenye kiti cha wafiwa. Akaweka mkono kwenye kisogo cha baba yake, akawatazama wachungaji wote mmoja mmoja, akahakikisha wanasikiliza.

"Mdogo wangu alikuwa na meno mawili," alisema.